Kava Ishirini na Tatu

Bendi yenyewe sitaitaja. Wanaoipenda wameshaijua, na wasioipenda hata nikiwatajia watasema ni makelele, kama mke wangu alivyosema miaka yote ya ndoa yetu. Ni bendi ya roki ya zamani, watu wanne kutoka ng'ambo: wa gita, wa besi, wa ngoma, na mmoja wa kuimba ambaye, ukiniuliza mimi, alilipwa kwa ajili ya nywele. Walivunjika kabla sijanunua redio yangu ya kwanza.

Niseme mapema kwamba rekodi zao za studio sikuzipenda. Rekodi ya studio ni kama kiatu cha dukani, kimepigwa rangi kikang'aa, hujui kitakuuma wapi. Mimi ni mtu wa mitumba. Nataka kiatu ambacho kimeshatembea, nikunje soli nione ufa uko upande gani, ndipo tuongee bei. Kwa hivyo nilipenda laivu, zile za jukwaani mbele ya watu. Kwa laivu gita linakatika waya na unasikia lilivyokatika. Yule wa nywele anasahau ubeti wa pili, anawaachia watu waimbe, anajifanya alipanga hivyo. Na watu wenyewe wapo. Wanapiga makofi, wanapiga miluzi, wanaimba nje ya tuni, maelfu yao. Nilikuwa nafunga kibanda changu sokoni, nafika nyumbani, naweka kaseti, na watu wote hao wanaingia kwa sebule yangu ya mabati bila kunimalizia chai.

Kaseti tano za kwanza nilizipata Elgon View, mtaa wa matajiri, kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Nilikuwa nimeenda kuchukua viatu. Tulivutana nusu saa getini, nikamchosha, na aliposhuka bei nikamwambia basi niongezee kitu. Akaniongezea katoni ya kaseti ili niondoke. Hizo zingine kumi na nane niliziokota moja moja, mwaka baada ya mwaka, kwa kubadilishana na viatu. Zilikuwa ishirini na tatu. Nimezihesabu mara nyingi kuliko nilivyohesabu siku za kwenda kanisani.

Mwalimu nilimpata kwa sababu ya hizo kaseti. Alikuja kibandani kununua viatu vya kazi, tukaanza kuvutana, na redio yangu ilikuwa inalia pale chini ya meza. Alikuwa ameshanibana vizuri. Nilikuwa karibu kushuka. Halafu akanyamaza, akainamisha kichwa.

"Hiyo ni laivu," akasema. "Hapo ndipo ngoma zinakosea."

Nikamwambia bei ni ileile. Akalipa bila kujua amelipa. Alikuwa anafundisha hesabu kwa shule moja ya upande wa Chepkoilel na nyumba yake ilikuwa Kimumu. Mwendo wa dakika arobaini kwa mguu kutoka kwetu, na nimeupima kwenda na kurudi. Alikuwa mtu wa kabila la upande ule, mimi wa huu. Kabla ya mwaka ule wa uchaguzi hiyo ilikuwa habari ya kutaniana tu. Yeye aliniita Wa Viatu. Alisema watu wetu wakipewa kaburi bure wataomba la pili liwe nyongeza. Nami nilimwambia watu wao wanakimbia sana kwa sababu hawajui bei ya nauli.

Sasa pale aliposema ngoma zinakosea. Kuna kaseti moja, kabla ya wimbo wa tatu, mpiga ngoma anagonga vijiti vyake na kuhesabu mpaka nne. Kisha kimya. Wimbo hauanzi. Watu wanacheka. Halafu anahesabu tena mpaka nne, na wote wanaingia pamoja kama lori lililoachiwa breki. Miaka yote nilidhani jamaa alikosea hesabu, na nilimpenda kwa hilo, maana mimi pia huhesabu mara mbili. Mwalimu naye alidhani hivyo, kisha siku moja akaja kuninyoosha, ameketi kwenye kiti changu, kikombe cha chai kwenye goti.

"Hakukosea," akasema. "Nimesikiliza kwa spika nzuri. Wa besi hakuwa jukwaani. Sikiliza hapa katikati, kuna miguu ya mtu anakimbia juu ya mbao. Huyu wa ngoma ameangalia, ameona wako watatu tu. Ndio akahesabu tena."

Nikarudisha nyuma, nikaweka sikio. Miguu ilikuwepo.

Tulikuwa na sheria yetu ya kuazimana. Kava hubaki. Yaani kile kijumba cha plastiki chenye karatasi ya picha hakitoki kwa mwenyewe. Anayeazima anabeba kaseti tupu. Mwalimu alikuwa anazifunga kwa karatasi za mtihani zilizokwisha kusahihishwa. Kwa njia hiyo hakuna mtu angeuza kaseti ya mwenzake, kwa sababu kaseti bila kava hainunuliki, na mwenye kava akitazama rafu yake anajua kitu chake kiko kwa nani. Kava ya kaseti iliyoenda safari tuliigeuza kichwa chini. Mke wangu alikuwa anapita na kitambaa cha vumbi na kuzigeuza zote zikae sawa. Tulizozana kuhusu hilo zaidi ya tulivyozozana kuhusu mama yangu.

Jumamosi ile baada ya kupiga kura nchi nzima ilikuwa inahesabu, na inahesabu tena. Mimi nilikuwa kibandani. Niliporudi, mke wangu alianza: "Mwalimu alikuwa hapa." Nikamwambia ngoja, nyamaza nisikie matokeo. Hakuniambia zaidi, na mimi sikuuliza. Jumapili mshindi akatangazwa. Jumatatu asubuhi vijana wa upande ule wakaja.

Sauti ya watu wengi kutoka mbali ni kitu nilichokijua vizuri. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilipoisikia mara ya kwanza nilifikiri mtu amefungulia redio. Ilikuwa na ule uzito. Inapanda, inashuka, kuna mmoja anaanza na wengine wanajibu. Nilisimama mlangoni na mswaki mdomoni nikijaribu kukumbuka ni kaseti gani. Halafu nikaona moshi upande wa chini wa mtaa.

"Shika mkebe," mke wangu akasema. Alikuwa na watoto wawili mkononi.

Mkebe ulikuwa wa biskuti. Ndani kulikuwa na makubaliano ya ploti, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na cheti chetu cha ndoa. Ulikuwa kwenye rafu, kando ya katoni ya kaseti. Mkono mmoja nilikuwa nimembeba kifungua mimba wetu, mwenye homa. Mkono uliobaki ulikuwa mmoja. Sina maelezo ya kutosha. Nimejipa yote, na hakuna hata moja ninaloweza kulinunua. Mkono ulienda kwa katoni.

Kwa nyumba iliyopakana na yetu alikaa mama mzee aliyetuuzia maziwa. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu kwenye nyonga. Tuligonga mlango wake.

"Nakuja," akajibu kutoka ndani. "Navaa viatu."

Viatu vyenyewe nilimuuzia mimi. Vya ngozi, vya kamba, matundu sita kila upande, vinashika kifundo vizuri. Nilimsifia hivyo viatu mpaka akaongeza bei mwenyewe.

"Mama, toka bila viatu," nikasema.

"Dakika moja tu, mwanangu."

Tulisimama. Ile sauti ilipiga kona, na sasa haikuwa kama redio tena. Mke wangu alinitazama. Tukaenda.

Njiani nilihesabu watoto. Watatu. Nikahesabu tena. Watatu. Tulipofika ukuta wa kituo cha polisi nilipitisha kidole juu ya migongo ya kava ndani ya katoni. Ishirini na tatu. Nikarudia, ishirini na tatu. Nilikuwa mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, na katika kutembea kote huko sikufikiri kwamba katoni ilikuwa nyepesi.

Yule mama hakutoka. Tuliambiwa siku ya tatu, tukiwa tayari kwenye hema uwanja wa maonyesho, na aliyetuambia hakutaka kueleza sana, nasi hatukumlazimisha.

Katoni niliifungua siku hiyohiyo. Nilitaka kushika kitu. Nikatoa kava ya kwanza, ikafunguka bila kitu. Ya pili. Nilifungua zote na kuzipanga juu ya blanketi, na watu wa hema la jirani wakaanza kutazama wakidhani nauza.

"Nimeibiwa," nikamwambia mke wangu.

"Hujaibiwa. Nilikuambia Mwalimu alikuja."

"Hukuniambia alichukua."

"Ulisema ninyamaze."

"Alichukua ngapi?"

"Zote. Alisema ni za likizo. Nikamtolea moja moja, kava nikarudisha, kwani si ndio sheria yenu?"

Nilikaa chini. Mwalimu alikuwa ameazima kaseti kwangu miaka saba. Alikuwa anachukua mbili, siku ya sikukuu tatu. Hakuwahi kuchukua tano. Na siku mbili kabla ya nyumba yangu kuchomwa, siku ambayo alijua wazi niko sokoni, alikuja kwa mguu dakika arobaini akabeba zote ishirini na tatu.

Mke wangu alifika palepale nilipofika mimi, kwa njia yake fupi.

"Alijua," akasema.

Kulikuwa na baridi ile ya Januari ya huku kwetu, inayoingia chini ya hema na kukaa. Alitazama zile kava zilizopangwa, kisha akanitazama mimi, na nilijua anachotafuta. "Na mkebe?" akauliza. Siku zote tatu alidhani uko ndani ya katoni. Hapo ndipo alipojua. Hakupiga kelele. Alizirudisha kava kwenye katoni, moja moja, zikiwa zimekaa sawa.

Kambini watu waliitwa kwa orodha. Ulete cheti, ulete makubaliano, ulete kitu chochote chenye jina lako na ploti yako. Mimi najua kuvutana na mtu yeyote, lakini huwezi kuvutana na orodha. Nilienda kwa yule karani mara nne. Mara ya nne aliniuliza kwa upole nilitoka na nini nyumbani. Nikamwambia viatu na watoto. Kava sikuzitaja.

Habari ya kwanza kutoka nje ililetwa na Haji. Haji ni mzee wa Kisomali mwenye duka la nguo na blanketi mjini, na lori mbili. Pande zote mbili zilinunua kwake, na miezi ile yeye ndiye alikuwa barabara pekee iliyobaki wazi. Alikuja na lori la blanketi, akanitafuta hema kwa hema, akanipata.

"Yule mwalimu wako anauliza kama uko hai," akasema.

"Mwambie anirudishie kaseti zangu."

Haji akanipa blanketi moja. "Nimwambie hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Wewe bwana," akasema, "dunia inaungua na wewe unadai mziki."

Lakini sikuwa nadai mziki. Nilikuwa nataka ajue kwamba nimehesabu.

Mwaka ule uliisha, na mwingine ukaanza. Tulihamia chumba cha kupanga karibu na mji, nikapata kona ya kuuzia viatu, nikarudia kelele zangu. Mchana nilikuwa sawa. Wateja walisema nimekuwa mgumu kushuka bei, nikawaambia viatu ndivyo vimekuwa vigumu. Lakini kila nikisimama kidogo bila mteja lilikuwa linanirudia lile swali, kama kokoto ndani ya kiatu. Alijua, au hakujua? Kama hakujua, nilikuwa nimemtukana moyoni kila siku rafiki wa miaka saba. Kama alijua, basi yule mama wa maziwa alikuwa na siku mbili nzima za kufunga kamba za viatu vyake.

Mara mbili Haji aliniletea ujumbe kwamba Mwalimu anataka tuonane. Mara mbili nikakataa. Mara ya tatu Haji hakuleta ujumbe. Alisema, "Ijumaa baada ya sala, dukani kwangu. Leta zile plastiki zako. Nimechoka kuwa posta."

Nilimkuta Mwalimu ameketi juu ya bunda la blanketi. Alikuwa amekonda, na alikuwa amevaa vile viatu vya siku ya kwanza. Soli ilikuwa imeisha upande wa nje. Hatukusalimiana kwa mkono.

"Wa Viatu," akasema.

"Mwalimu."

Haji aliweka birika la chai ya maziwa ya ngamia katikati yetu, akaenda kukunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimekunjwa.

Mwalimu akafungua mfuko. Kaseti zilikuwa zimefungwa kwa karatasi za mtihani, kila moja peke yake. Alifungua karatasi, akanipa kaseti, nikaiweka ndani ya kava yake. Ilituchukua muda mrefu. Ishirini na tatu. Nilirudia kuhesabu, naye akaningoja nirudie, kama zamani.

"Zote nimezitunza," akasema. "Nilizizungusha kwa mkono kila mwezi ili utepe usigande. Weka moja usikie."

Haji alikuwa na redio ya kaseti kwenye kaunta, ya kusikilizia mawaidha. Nikaiweka ile ya ngoma. Ilikuwa safi, safi kuliko nilivyokumbuka. Wimbo wa pili ulikuwa unaisha, ukafika mwisho, na wale watu wakalipuka. Maelfu yao. Ikapanda, ikashuka, mmoja akaanza na wengine wakajibu.

Nilijikuta nimesimama, mgongo kwenye ukuta wa vitambaa. Mkono wangu ulikuwa unatafuta mtoto wa kubeba. Sijui nilisema nini, lakini Haji alifika kwenye ile redio kwa haraka ambayo sikujua mzee wa umri wake anayo, akaizima.

Mwalimu alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Mimi pia huwa siwezi hapo," akasema. "Huwa naruka."

Basi hata hilo tulikuwa nalo pamoja. Nikaketi. Nikamuuliza.

"Jumamosi ile. Ulijua?"

Nilitarajia aanze mbali. Mimi ningeanza mbali. Hakuanza mbali.

"Nilisikia," akasema. "Ijumaa jioni, kwenye maduka ya kwetu. Vijana walikuwa wanataja mitaa. Wa kwenu ulitajwa. Sikujua ni siku gani. Nilidhani ni mawe, labda. Labda kuvunja maduka." Akatazama kikombe. "Nilikuja kukuambia, Wa Viatu. Haki nilikuja kukuambia. Nikampata mama watoto peke yake. Akanikaribisha, akanipa chai, akaniuliza habari ya watoto wangu. Watoto wako walikuwa pale chini wanacheza. Nikafungua mdomo. Nitamwambia nini? Kwamba watu wangu wanakuja? Nikaona hiyo sentensi haitoki. Akaniuliza, umekuja kwa ajili ya kaseti? Nikasema ndiyo."

"Na sokoni hukujua njia?"

"Nilijua."

"Ni dakika kumi kutoka kwangu."

"Najua ni dakika kumi."

"Ukabeba zote."

"Alianza kunitolea, nikashindwa kumwambia basi."

Haji alikuwa ameacha kukunja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa na maneno, na nilikuwa nimeyapanga kama mzigo wa soko, makali mbele. Nikayatafuta. Lililotoka halikuwa mojawapo.

"Ulinifundisha mwenyewe," nikamwambia. "Yule wa ngoma. Aliangalia akaona wako watatu, akahesabu tena. Wewe ulihesabu mara moja ukaenda nyumbani."

Machozi yalimtoka na hakuyafuta, na mimi sikumpa kitambaa ingawa tulikuwa tumezungukwa na vitambaa. Ningeondoka hapo nikiwa nimeshinda. Lakini nilipoinama kuchukua katoni niliona miguu yake, na kamba za viatu vyake, matundu sita kila upande kama vile vya yule mama, na nikaisikia sauti ya mama wa maziwa nyuma ya mlango akisema dakika moja tu, mwanangu. Mlango wake haukuwa umefungwa kwa kufuli. Nilikuwa na bega la kuusukuma. Nilikuwa na mkono mmoja uliobeba plastiki.

Hilo sikumwambia Mwalimu. Sijamwambia mtu, mpaka sasa ninapoandika.

Niliitoa ile kaseti ya ngoma kwenye redio ya Haji. Nikaifunga kwa moja ya zile karatasi za mtihani, ya mwanafunzi aliyepata kumi na moja kwa hamsini, nikaiweka kwenye goti la Mwalimu. Kava yake nikairudisha kwenye katoni, kichwa chini.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Umeazima," nikasema. "Kava hubaki. Na usiruke tena pale kwa watu. Sikiliza mpaka ufike kwa ile miguu."

Haikuwa msamaha. Naye alijua haikuwa, kwa sababu hakunishukuru. Nilitoka na kaseti ishirini na mbili. Nilipofika kona nikazihesabu. Nilikuwa nimekosea, zilionekana ishirini na moja. Nikasimama kando ya barabara watu wakinipita, nikahesabu tena, na ndiyo, ishirini na mbili.

Mpaka leo hajairudisha, wala sijaiomba. Hizo zingine siku hizi naweza kuzisikiliza, nikikaa karibu na kitufe. Nyimbo nazisikiliza zote, watu bado nawapunguza sauti. Haji huniambia Mwalimu hupita dukani mara kwa mara, ananunua kitu kidogo asichokihitaji, na kabla ya kutoka huuliza kama mimi bado napita. Haji humjibu kwamba napita. Na mke wangu, akifika kwenye rafu na kitambaa chake, hufuta vumbi kava zote ishirini na tatu, na ile moja iliyogeuzwa huifuta na kuirudisha kichwa chini.